Tusikusanye majina ya miti dawa bila sampuli

Mhariri,

Kila wiki natumiwa kwenye simu orodha ya miti dawa: mwarobaini kwa hili, mlonge kwa lile, mjafari kwa malaria. Nafundisha baiolojia sekondari, na wanafunzi huniletea orodha hizo wakitaka nizithibitishe. Siwezi. Hazioneshi jani, ua wala tunda, na haijulikani aliyeziandika alikuwa ameuona mti gani.

Chukua huo mjafari. Ukanda wetu wa pwani una zaidi ya spishi moja ya jenasi yake, Zanthoxylum (yaani kundi la mimea yenye nasaba ya karibu), na zina miiba. Pale Kariakoo unauziwa magome na vipande vya mizizi vilivyokwisha katwakatwa, au unga kabisa. Muuzaji anaweza kuwa mkweli na bado asijue aliyemletea mzigo alichimba mti upi. Mtu akidhurika baada ya kunywa, daktari hana pa kuanzia. Akipona, mtafiti naye hana pa kuanzia.

Njia ya kuondoa utata huo ni ya zamani na haina gharama kubwa. Unakata tawi lenye majani na maua au matunda, unalilaza katikati ya magazeti, unalibana kwa mbao na kubadilisha karatasi kila siku hadi likauke. (Gazeti lako, Mhariri, lina kazi nyingine usiyoijua.) Masika ya Dar es Salaam, ukizembea kubadilisha, unakuta ukungu. Kisha lebo: mahali, tarehe, aliyekusanya, aina ya udongo, rangi ya ua maana mara nyingi hufifia mmea ukikauka, jina wanalotumia wenyeji, na sehemu inayotumika kwa dawa. Sampuli ikihifadhiwa kwenye hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikiwa na namba yake, kila anayeandika kuhusu dawa ile ataje namba hiyo, na mwenye shaka aende akautazame mmea wenyewe.

Tumeshapoteza vingi. Sampuli nyingi zilizokusanywa huku enzi za Wajerumani zilipelekwa Berlin, na sehemu kubwa ya hebariamu ya kule iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Orodha kuu ya mimea ya Afrika Mashariki, yenye spishi zaidi ya 12,000, ilikamilika mwaka 2012 ikiratibiwa kutoka bustani ya mimea ya Kew, London. Kazi ile naiheshimu sana. Lakini haikuandikwa ili kumwambia mwanafunzi wa Chanika bibi yake anachemsha mzizi upi. Hilo ni letu. Na msitu wa Pugu, ulioupa jina mmea kama Baphia puguensis, uko hapa jirani, huku mkaa na viwanja vikiusogelea.

Napendekeza kila sekondari ya Dar es Salaam na Kisarawe iwe na mkusanyo wake, ukianzia kwenye kiwanja cha shule. Wanafunzi wasichimbe mizizi wala kubandua magome, tawi linatosha.

Waganga watauliza wao wanapata nini, na wana haki ya kuuliza. Muhimbili imetafiti tiba asilia tangu 1974, na Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2010, inataka jamii zenye maarifa ziridhie kabla hayajachukuliwa na zigawiwe faida. Kwa hiyo mwanafunzi aandike mmea na jina lake. Matumizi na jinsi ya kutayarisha dawa, aandike pale tu mzee atakapokubali, na jina la mzee huyo liwekwe kwenye lebo akitaka.

Ombi langu kwa wanaosimamia hebariamu: watutangazie shule zilete sampuli siku gani, kwa fomu ipi, na nani atatusaidia kutambua spishi. Vuli ikinyesha mimea mingi itachanua, na sisi mbao na magazeti tunavyo.

Mwalimu wa Baiolojia,
Mbagala, Dar es Salaam