Barua ya malalamiko: Kompyuta mlizoniuzia si mbovu, mlichozibebesha ndicho kizito

Mwenye saiba,
Majengo, Mombasa.

28 Julai 2025

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Duka la Kompyuta Zilizotumika,
Mombasa.

Kwako Meneja,

YAH: KOMPYUTA NANE ZILIZOWEKEWA MFUMO ZISIOUWEZA, NA WARANTI MLIYOIKATAA

Nawadai mambo mawili. Mnibadilishie diski ya kompyuta moja iliyokufa ndani ya miezi sita ya waranti, na mnirudishie ada ya huduma mliyonitoza kwa kazi ambayo haikutibu chochote. Niliyasema haya kaunta kwenu nikaambiwa niyaandike. Basi nimeyaandika, na kwa kuwa karatasi haina foleni nyuma yake, nitayaeleza yote.

Aprili mwaka huu nilinunua kwenu kompyuta nane za mezani. Prosesa ni Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya kazi) ni GB 2, diski ni zile za kuzunguka, za GB 160. Ubavuni zingali na kibandiko cha Windows Vista, kwa hivyo umri wake haukufichwa, na sikulalamikia uzee. Nilijua nanunua mtumba na bei ilikuwa ya mtumba. Nilichomweleza muuzaji wenu ni kazi inayozingoja: huduma za serikali za eCitizen, mikopo ya wanafunzi ya HELB, nafasi za vyuo za KUCCPS, ritani za kodi za KRA, kuandika barua, kuskani na kuprinti. Hakuna mtu aingiaye saiba ya Majengo kuhariri filamu. Akaniambia zitaiweza kazi hiyo bila wasiwasi, tena zimeshawekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, kwa hivyo hakuna leseni ya kununua na virusi havitanisumbua.

Linux sina neno nayo. Neno langu ni lile vazi mlilolivika juu yake. Mliweka Ubuntu 22.04, ambayo ni aina moja ya Linux, pamoja na mazingira yake ya kawaida ya eneo-kazi, yaani GNOME: ule upau wa juu, madirisha yanayoteleza, picha zinazokua na kusinyaa ukigusa kitufe. Watengenezaji wa Ubuntu wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 4 kwa toleo hilo. Mashine zenu zina nusu yake. Kulijua hilo hakuhitaji ufundi, kunahitaji mtu wa kusoma ukurasa mmoja kabla ya kuweka mfumo kwenye mashine nane za kuuza.

Matokeo yake nayajua kwa sababu nilikaa nayo. Kompyuta ikiwashwa, kabla mteja hajagusa kitu, zaidi ya GB 1 ya RAM imeshaliwa. Mteja anafungua kivinjari cha Firefox, ambacho katika Ubuntu hiyo huja kama kifurushi cha snap, yaani programu iliyofungwa pamoja na mahitaji yake, na hukawia sana kuamka kwa mara ya kwanza kwenye diski ya kuzunguka. Akishafungua iTax, tovuti ya kodi ya KRA, na barua pepe yake pamoja, RAM imejaa. Hapo mfumo unaanza kuhamishia diskini vitu visivyotosha kwenye RAM, kisha unavirudisha, kisha unavihamisha tena, na diski ya namna hiyo ni ya polepole kuliko RAM kwa maelfu ya mara. Taa ya diski inawaka bila kupepesa, kishale cha mausi kinaganda, na mteja anabonyeza kitufe kile kile mara nyingi akidhani hakikusikia. Juu ya hayo, GNOME hutegemea chipu ya michoro kuchora madirisha yake. Chipu ikiwa ya zamani na haina uwezo unaotakiwa, kazi hiyo hurushiwa prosesa, ambayo tayari imelemewa. Ni sawa na kumvika hamali wa Kilindini joho la bwana harusi, kisha kumshutumu kwamba magunia hayaendi.

Tarehe 30 Juni mnaijua. Ndiyo siku ya mwisho ya ritani, na anayechelewa anapigwa faini ya kuanzia Sh2,000. Saiba ilijaa mpaka barazani. Kuna mama aliyejaza ritani yake karibu yote, kompyuta ikaganda, tukaizima kwa nguvu, ikawaka, akaanza upya, ikaganda tena. Akachukua mkoba wake akaenda saiba ya jirani. Hakunitukana, na ningalipenda anitukane. Siku hiyo moja ndiyo hunilipia kodi ya chumba na stima ya mwezi, na mwaka huu haikulipa.

Tangu Mei nilikuwa nimewaletea mashine hizo. Fundi wenu alichofanya ni kufomati na kuweka mfumo ule ule, toleo lile lile, na GNOME yake. Mkanitoza ada ya huduma kwa kila mashine. Risiti zinasema “kuongeza kasi”. Kasi gani? Zilirudi zilivyokuwa, ila sasa mafaili ya wateja yaliyokuwa ndani hayapo. Niliporudi kulalamika nikashauriwa ninunue RAM zaidi kutoka kwenu, ya DDR2, aina ya zamani, ambayo bei yenu ya GB moja inakaribia ya mashine nzima. Nilipokataa nikaambiwa nizirudishe kwa bei ya chuma chakavu niongeze pesa nichukue za Core i5, prosesa mpya zaidi. Muuzaji mwingine akaniambia kwa upole niwekewe Windows 10. Microsoft imeshatangaza kwamba msaada wa Windows 10 unakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi haizitaki mashine hizi kabisa: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na prosesa za miaka ya karibuni. Huo haukuwa ushauri, ilikuwa njia ndefu ya kunirudisha kaunta.

Mwezi huu kijana mmoja wa Kisauni, ambaye hana duka wala kaunta, alinikalia alasiri moja. Hakufungua kasha hata moja, hakuongeza RAM. Kwanza, kwa amri ya vmstat, alinionyesha safu mbili ziitwazo “si” na “so”, za vinavyorudi kutoka diskini na vinavyopelekwa diskini, na jinsi tarakimu zake zilivyokuwa zikiruka kila mara mashine ikihamisha vitu. Kisha akaweka Debian 12, aina nyingine ya Linux, pamoja na Xfce. Xfce ni mazingira ya eneo-kazi ya tangu miaka ya 1990: menyu, upau, madirisha, basi. Mtu aliyezoea Windows ya zamani haulizi kitu. Baada ya kuwaka inakula karibu nusu ya RAM iliyokuwa ikiliwa na GNOME. Akawasha na zram, ambayo hubana vitu ndani ya RAM yenyewe kabla ya kuvipeleka diskini, na akazima ule mchezo wa vivuli na kung'aa kwa madirisha. Firefox yake si ya snap. Debian 12 itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Juni 2028, kwa hivyo hata hoja ya “mfumo wa kizamani” hamnayo. Kulikuwa na LXQt pia, eneo-kazi jingine ambalo ni jepesi vilevile, lakini Xfce niliipenda kwa jicho tu.

Sitatia chumvi. Core 2 Duo haijageuka Core i5. Mteja akifungua vichupo kumi vya kivinjari GB 2 zitajaa tu, maana kurasa za siku hizi ni nzito na hakuna eneo-kazi linaloziponya. Video za ubora wa juu zinakwaruza. Lakini ritani inajazwa na kutumwa, barua inaandikwa, fomu ya HELB inaprintiwa, na mteja hanitazami tena kwa jicho la kuibiwa. Kazi niliyowatajia Aprili ndiyo hiyo. Mashine ziliiweza tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye diski. Kompyuta moja kati ya nane ilianza kugonga ndani, tak, tak, kisha ikakataa kuwaka. Diski ya kuzunguka ikigonga hivyo ni kifaa kinachokufa, na Linux wala GNOME wala Xfce haina mkono wa kuifanya igonge. Niliwaletea. Mkaangalia skrini ya mashine nyingine niliyokuja nayo, mkaona menyu si ile mliyoizoea, mkasema “ulibadilisha sistimu, waranti imekwisha.” Stika yenu ya kasha haijachanwa. Karatasi ya waranti mliyonipa inasema waranti inafutika kasha likifunguliwa au mashine ikimwagikiwa maji. Nimeisoma mbele na nyuma. Kuhusu menyu haisemi kitu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili afaidike na alichonunua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inasema mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa sharti ifae kazi hiyo. Mimi niliwajulisha. Ujuzi niliutegemea, na ndio nilioulipia.

Kwa hivyo naomba diski nyingine inayofanya kazi, ya GB 160 au zaidi. Mkinipa SSD ndogo, diski isiyozunguka, badala yake sitakataa, maana hiyo ingeisaidia mashine kuliko RAM yote mliyotaka kuniuzia. Naomba pia ada yote ya “kuongeza kasi” irudishwe kwa M-Pesa kwenye nambari ile ile niliyolipia. Na nahitaji maandishi, hata mstari mmoja, kwamba kubadilisha mfumo au eneo-kazi hakufuti waranti ya vifaa kwenye mashine saba zilizobaki.

La ziada si dai, ni ombi la mtu wa biashara kwa mtu wa biashara: mashine za GB 2 mnazoendelea kuziuza, ziwekeeni Xfce au LXQt kabla hazijatoka dukani. Hamtalipa senti, na foleni ya walalamikaji kaunta kwenu itapungua.

Nitangoja jibu hadi tarehe 11 Agosti. Baada ya hapo nitapeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai la pesa katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000.

Nimeambatisha nakala za risiti za ununuzi na za huduma, karatasi ya waranti, na picha ya stika ya kasha. Diski iko dukani kwangu ndani ya mashine yake, haijaguswa. Mkimtuma fundi siku ya Ijumaa, aje baada ya saa nane mchana, maana kabla ya hapo tumefunga kwa ajili ya swala.

Wenu,

Mwenye saiba, Majengo