Barua kwa Mwanaidi, kuhusu kipindi cha saa nane usiku

Mwanangu Mwanaidi,

Huku ni baridi na mvua, lakini mimi mzima, alhamdulillahi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: ndani ya basi nikienda kazini, kisha kwenye chumba cha kufulia, kisha kitandani asubuhi nilipolala. Pale katikati uliponyamaza, nikasikia feni tu inazunguka, ndipo nilipojua umeumia kweli. Wewe si mtu wa kunyamaza.

Nimeelewa hivi. Mwaka na miezi miwili unajitolea hapo kituoni, unaandika habari wanazosoma wengine. Umeomba kipindi cha muziki cha jioni. Bosi amekwambia sauti ya mwanamke haibebi jioni, watu wametoka kazini wanataka mwanaume mchangamfu. Kisha akakuwekea vitu viwili uchague: mapishi saa nne asubuhi, au usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane mpaka saa kumi na moja, peke yako, bila fundi mitambo. Wewe unaona umetupwa. Na baba yako mdogo keshakwambia urudi Tanga ukamsaidie dukani.

Kabla hujamjibu yeyote, nisikilize. Nataka nikuhadithie habari za mwanamke aliyenifundisha kazi yako inavyofanyika, bila yeye kujua kama nipo duniani. Aliitwa Annie Nightingale, mtangazaji wa redio wa huku Uingereza. Alifariki Januari 11, 2024, akiwa na miaka 83, na habari iliponifikia niliingia zamu kama mtu aliyefiwa.

Unajua ninapofanya kazi, nyumba ya wazee huku pwani karibu na Brighton. Zamu ya usiku ikitulia, wazee wamelala, mimi huingia chumba cha kufulia. Mashine mbili za kufua, mbili za kukausha, meza ndefu ya kukunjia shuka, na redio ndogo juu ya kabati la sabuni. Mwenzangu mmoja wa zamu alikuwa kaiweka Radio 1 ya BBC na hakutaka iguswe. Usiku mmoja, miaka yangu ya mwanzo, wakati nikihesabu foronya, ikatoka sauti ya mwanamke. Sauti kavu kidogo, haina haraka, haijipendekezi. Anazungumza kana kwamba kaingia chumbani, kavuta kiti, kakuta watu anaowajua. Akasema maneno machache, kisha akapiga muziki wa besi nzito mpaka kopo la sabuni likawa linatetemeka juu ya kabati. Nikadhani ni msichana. Mwenzangu akaniambia: huyo ni bibi, kavuka 70.

Tangu hapo nikawa simkosi nikiwa zamu. Na nilipopata nafasi nikawa nasoma habari zake.

Alizaliwa Aprili 1, 1940, Osterley, magharibi mwa London. Jina la Nightingale ni la ukoo wake, hakujipachika. Kwa Kiingereza ni ndege anayeimba usiku, na kweli usiku ndiko alikokuja kumalizia kazi yake. Alianza kama mwandishi wa magazeti hapa Brighton, tena katika vyumba vya habari vilivyojaa wanaume. Akaandika habari za muziki, akatangaza televisheni, akajuana na kina Beatles, ile bendi maarufu ya Uingereza, enzi zao. Yaani hakwenda redioni mikono mitupu.

Sasa sikia hii. Mwaka 1967 serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuzifunga redio zilizokuwa zikirusha matangazo kutoka kwenye meli baharini, zile zilizopendwa na vijana kwa muziki. BBC wakafungua Radio 1 tarehe 30 Septemba mwaka huohuo ili kuziba pengo, wakachukua madijei wengi waliotoka kwenye meli zile. Wote waliopewa vipindi walikuwa wanaume. Annie alipobisha hodi, akaambiwa sababu yao waziwazi: dijei wa kiume ni mume wa redioni. Mwanamke yuko nyumbani peke yake, mumewe kaenda kazini, basi ile sauti ya kiume inamliwaza. Ukiweka mwanamke hapo, atamliwaza nani?

Nilipoisoma habari hiyo nilisimama na shuka mkononi. Maneno ya bosi wako na ya wale wakubwa wa BBC, yamepishana zaidi ya miaka 50, na bado ni maneno yale yale. Wao walikuwa wanamsemea msikilizaji bila kumuuliza. Mimi ni huyo mwanamke wa nyumbani, Mwanaidi. Nimesikiliza redio nikikuna nazi, nikikunyonyesha wewe, na sasa nikikunja shuka za watu. Sijawahi hata siku moja kuitafuta redio ili inipe mume.

Aliingia Februari 1970. Katika kipindi chake cha mwanzo kabisa, santuri ikiwa hewani, akabonyeza kitufe kisicho chake na santuri ikasimama. Kimya. Wewe unakijua kimya cha redio, sekunde moja ni kama kutwa nzima. Pale watangazaji walijiendeshea mitambo wenyewe, na wenzake wengi walikuwa wameshaizoea huko walikotoka. Fikiria ni wangapi siku ile walisema: si tuliwaambia? Lakini akarudi wiki iliyofuata akakaa kwenye meza ile ile. Na alibaki mwanamke pekee mwenye kipindi Radio 1 mpaka mwaka 1982, alipoingia Janice Long. Miaka 12, mwanangu. Nakwambia hesabu hii uijue, nisije nikakudanganya kwamba mlango ukishaingia mmoja hufunguka kwa wote. Wakati mwingine ulioingilia wewe hubaki umefungwa nyuma yako kwa muda mrefu, nawe uko ndani peke yako.

Kipindi chake kilichopendwa sana kilikuwa cha Jumapili, cha kupiga nyimbo walizoomba wasikilizaji kwa barua. Hapo ndipo alipoingia moyoni mwangu, maana hicho ni kitu chetu. Sisi tulikuwa na kadi za salamu. Mimi na shangazi yako tulikuwa tunanunua kadi pale Ngamiani, tunajaza majina kwa kalamu ya wino wa bluu, huyu yuko Pongwe, yule yuko Muheza, tunazituma Redio Tanzania Dar es Salaam, kisha tunakaa wiki na wiki chini ya mwembe na redio ya betri. Siku jina la bibi yako lilipotajwa, jirani alikuja mbio na kanga moja kumpa mkono. Mtangazaji aliyelisoma hakujua kama pale uani kwetu watu wamesimama. Lakini alilisoma vizuri, hakulikatakata, akalipa jina la mtu haki yake. Nakukumbuka wewe ukicheka nikikusimulia haya. Sasa uko upande wa pili wa kadi.

Annie aliijua siri hiyo. Alisoma barua za watu kwa namna ya mtu aliyeandikiwa yeye.

Mwaka 1978 akapewa pia kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, na alikuwa kwenye kiti hicho John Lennon, mmoja wa wale Beatles, alipouawa New York, Desemba 1980. Siku iliyofuata kipindi kikageuzwa kuwa cha maombolezo, akakaa mbele ya kamera kumzungumzia mtu aliyekuwa akimfahamu. Hayo yako kwenye kumbukumbu, utafute uangalie. Tazama jinsi anavyojizuia.

Lakini ninachotaka ukishike ni cha baadaye. Alipokaribia miaka 50, umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wanarudi kupiga nyimbo za ujana wao, yeye akausikia muziki mpya wa vijana wa madisko, wa mashine na besi, akaupenda kwa dhati. Hakujifanya. Mwaka 1994 akauacha ule muda mzuri wa Jumapili jioni, akahamia usiku, saa za watu waliotoka kucheza, saa ambazo kila mtangazaji anazikimbia. Watu wangeweza kusema kashushwa. Kumbe pale ndipo alipoachiwa uwanja. Mchana kuna orodha ya nyimbo, kuna matangazo ya biashara kwa vituo vyenu, kuna mkubwa anayesikiliza garini. Saa nane usiku mkubwa kalala. Annie akapiga alichokiamini, akawa wa kwanza kuwapa nafasi vijana wengi wasiojulikana, na akadumu huko karibu miaka 30. Vipindi vilibadilishwa siku na saa, wakubwa wakaja wakaondoka, yeye yupo. Mwaka 1996 alivamiwa na vibaka Havana, Cuba, wakamuumiza vibaya sana mpaka akarudishwa London kwa ndege kutibiwa. Akapona, akarudi hewani. Mwaka 2010 kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kikamwandika kuwa mwanamke aliyetangaza redio kwa muda mrefu kuliko wote duniani, na bado alikuwa na miaka mingine 13 ya kazi mbele yake. Bibi wa miaka 80, miwani yake ya rangi usoni, anapigia muziki watoto wa miaka 20, nao wanamwandikia.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuomba uuchukue ule usiku. Mapishi yana heshima yake na mimi ningeyasikiliza, lakini wewe hukuyaomba, na ukiyachukua kwa kununa yatakuharibu. Usiku ni wako kama utaujaza. Nani yuko macho Dar es Salaam saa nane? Mlinzi wa geti na rungu lake. Muuguzi wa wodi ya wazazi. Dereva wa lori aliyepanga foleni bandarini siku ya pili. Mama wa vitumbua aliyeamka kusaga mchele. Mvuvi anayeshuka Feri. Hao hakuna anayezungumza nao. Waulize wako wapi, wataje majina yao, uyatamke kamili.

Na kutopewa fundi mitambo kusikuumize. Nenda mchana, mbembeleze yule fundi wenu akuonyeshe meza yote, kila kitufe, mpaka uweze kuiendesha hata gizani, au umeme ukirudi ghafla. Ukikosea hewani, utakosea, funga mdomo, vuta pumzi, endelea. Mtu anayeijua meza hawezi kuambiwa kesho kuwa hana wa kumsaidia, kwa hiyo kipindi hakipo.

Ila kuna mambo mawili usikubali, na hapa nasema kama mama. La kwanza, usafiri. Bodaboda ya saa saba usiku peke yako, hapana. Waambie gari la kituo likuchukue na likurudishe, na uwaombe wakuandikie. La pili, fedha. Umejitolea vya kutosha. Waambie utafanya miezi mitatu, kisha mkae mezani mzungumze mshahara. Ukiogopa kusema, andika. Baba yako mdogo nitampigia mwenyewe Ijumaa, nitamwambia dukani atafute kijana mwingine.

Nimekununulia hedifoni nzuri, zile kubwa zinazofunika masikio, dada mmoja wa Mkwajuni anasafiri tarehe 12 atakuletea. Zifunge kwenye kanga usije ukazikwaruza. Bei usiniulize.

Saa nane yenu, msimu huu wa baridi, huku ni saa tano usiku. Kwenu inaamkia Jumatano, kwangu bado Jumanne. Saa hiyo nakuwa nimeshagawa chai, wazee wamelala, nimeingia chumba cha kufulia. Nitaikamata redio yenu kwa simu, nitaiweka simu juu ya kabati la sabuni pale ilipokuwa ile nyingine. Usiku wa kwanza ukishatulia, ukishapiga nyimbo zako mbili tatu, nisomee salamu kama za kadi: kutoka kwa mama Mwanaidi, Brighton, zimfikie bibi Ngamiani, shangazi Muheza, na wote walioamka saa hii kwa ajili ya watu wengine. Wimbo chagua mwenyewe.

Mama yako anayekupenda