Usiuze jina, mwanangu

Mwanangu, habari za siku nyingi, shemeji na watoto hawajambo? Huku tuko salama. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, pale unaposema jamaa wa studio anataka akupe laki 3 halafu wimbo utoke kwa jina lake, na wewe kama unataka kukubali sababu kodi imefika. Dah, sijalala vizuri. Kuna mtu nimekuwa namsoma muda sasa, ngoja nikupe habari zake kabla hujasaini chochote.

Anaitwa Stephen Foster, Mmarekani, kazaliwa 4 Julai 1826 karibu na Pittsburgh. Enzi zile hakuna santuri wala redio, wimbo ukipendwa maana yake karatasi za nota zinauzika dukani, watu wananunua wanaenda kuupiga kwa piano sebuleni. Na walioutembeza mjini ni vikundi vya wazungu waliojipaka masizi usoni wakiigiza watu weusi jukwaani, na hilo linaniuma sana, nyimbo zake kadhaa zina maneno ya kutudhalilisha, hata ule wa Kentucky ambao ni wimbo wa jimbo mpaka leo ilibidi 1986 wabadilishe neno moja. Ila melodi, mwanangu, yule mtu alijua melodi.

Sasa sikia. 1851 anatunga "Old Folks at Home", ule wa mto Swanee. Mto wenyewe hajawahi kuuona, alikuwa anatafuta tu jina la mto lenye silabi mbili likae kwenye melodi, akajaribu Pedee hakuridhika, kaka yake akafungua atlasi wakaukuta Suwannee kule Florida, akalikata kidogo likakaa. Yaani ni wewe kabisa, vile unavyoweza kuhangaika na neno moja siku nzima mpaka chai inapoa.

Halafu wimbo huohuo akamwuzia E. P. Christy, kiongozi wa kikundi kimoja kikubwa, haki ya kuandikwa kwenye kava kama ndo mtunzi. Mirabaha, yaani fungu lake la mauzo ya nota, toka kwa mchapishaji bado alikuwa anapata, alichouza ni jina tu, basi. Wimbo ukalipuka vibaya mno. Mei 1852 akamwandikia Christy kumwomba amrudishie jina lake, akaeleza kwamba mwanzo alijificha sababu kuna watu walizidharau nyimbo za aina ile, ila sasa ameamua kuzitunga bila woga wala aibu. Christy akagoma. Jina la Foster lilikuja kuwekwa 1879 hakimiliki ilipohuishwa, mwenyewe yuko kaburini miaka 15.

Na shida haikuishia hapo, 1857 akakaa na karatasi akapiga hesabu kila wimbo utamwingizia kiasi gani huko mbele, akauza haki zote kwa mpigo, dola 1,872 na senti zake. Hela ikaisha. Januari 1864 akafia hospitali New York ana miaka 37, kwenye pochi wakakuta senti 38 na kipande cha karatasi alichoandika kwa penseli, marafiki wapenzi na mioyo mipole, hayo tu. Mi nadhani ulikuwa mwanzo wa wimbo.

Halafu kuna James Bland, huyu mweusi mwenzetu, katunga "Carry Me Back to Old Virginny" ikatoka 1878, kafa Philadelphia 1911, kaburi likakaa bila hata jiwe la jina mpaka 1939 watu wa chama cha watunzi walipolitafuta wakaliona. Mwaka uliofuata jimbo la Virginia likaufanya wimbo wake kuwa wimbo wa jimbo. Miaka 28 hana hata jiwe!

Kwa hiyo fanya hivi. Kodi nitakutumia Ijumaa tukilipwa, utanirudishia ukipata, hata mwakani sawa. Huyo jamaa mwambie anaweza kununua kurekodi, mgawane mnavyoelewana, ila mtunzi ni wewe na iandikwe, na hiyo karatasi uipige picha unitumie niisome kwanza. Na ubeti wa pili ule wa mama anafunga duka mvua inanyesha, usiuguse, uache hivyohivyo.

Msalimie shemeji sana.

Wako, mshkaji wako wa siku zote