Kuhusu hilo neno lako nice

Shosti wangu Rehema,

Huku wazima, mama mguu umeanza kupona na anakusalimia sana. Meseji yako niliipata jumapili nikaisoma mara tatu, umehamia Mwanza, chumba nice, majirani nice, bosi nice, ziwa nalo nice. Nimefurahi jamani, ila nikabaki nimeshika simu najiuliza mbona sioni kitu, ndo maana nimeamua nikuandikie kabisa badala ya kukutumia kikatuni.

Hilo neno nalifundisha twisheni kila siku na juzi ndo nimelifuatilia lilikotoka, likanishangaza mno. Mwanzo wake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Ne ni kukanusha, scire ni kujua, na hiyo scire ndo hiyo hiyo iliyozaa sayansi, kwahiyo nice na sayansi wametoka tumbo moja, mmoja anajua mwenzie hajui! Wafaransa wa zamani wakawa wanamwita nice mtu mjinga, Waingereza wakalipokea karibu mwaka 1300 na ujinga wake ule ule. Baadae likaanza kuhama, kutoka mjinga likawa mtu wa haya nyingi, likawa mtu wa kuchaguachagua, asiyeridhika na kitu, na ukishakuwa mtu wa kuchagua unaangalia mpk vitu vidogo, basi likafika kwenye umakini. Kwenye miaka ya 1700 ndo likaanza kuwa kizuri, cha kupendeza, hii tunayoijua sisi.

Ile ya umakini haijafa lakini. Wakisema nice distinction hawasemi tofauti nzuri, wanasema tofauti ndogo sana ambayo usipokuwa na jicho kali huioni. Hiyo naipenda kuliko zote.

Na kuna silly, lilipishana nalo njiani. Kwenye Kiingereza cha zamani lilikuwa na maana ya mwenye heri, aliyebarikiwa, Wajerumani mpk leo wana selig kwa maana hiyo, kwa Waingereza likashuka pole pole, asiye na hatia, wa kuhurumiwa, dhaifu, mwisho mpuuzi. Yaani mmoja kapanda mwingine kashuka. Kwetu pia yapo, mkali si alikuwa wa kuogopwa, leo mwimbaji mkali ni sifa.

Wanafunzi wangu wanapokwama ni kwenye salamu, nice to meet you unasema mnapokutana mara ya kwanza, nice meeting you mnapoagana. Halafu chai ikiwa nice and hot hawasifii vitu viwili, ni chai imepata moto vile unavyotaka, basi.

Sasa shida yake ni kwamba limechoka. Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliliona mapema, kwenye riwaya yake Northanger Abbey iliyotoka mwishoni mwa 1817 yeye mwenyewe keshafariki, kuna kijana anamtania msichana kwamba siku ni nice, matembezi nice, wasichana nao nice, neno moja linabeba kila kitu. Miaka mia mbili imepita Rehema na wewe umeniandikia hivyo hivyo na mimi niko mbali, sijawahi kukanyaga Mwanza, macho yangu huko ni wewe.

Kwahiyo nijibu vizuri. Dirisha la chumba linaangalia wapi? Ziwa unaliona ukiwa kitandani au mpk utoke nje, na asubuhi lina rangi gani? Huyo jirani ni yule uliyesema anakuletea samaki au mwingine? Na bosi kafanya nini, maana wa kule ulikotoka alikuliza miezi sita, nataka kujua huyu alikwambia neno gani siku ya kwanza mpk moyo ukatulia. Andika hata kama ni saa sita usiku, nitakuwa macho nasahihisha madaftari.

Wako,
Mwanaidi