Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mfuko wa Elimu ya Wasichana, Tanga

Ndugu wanachama,

Ziara za shuleni na ugawaji wa sare, madaftari na taulo za kike vilifanyika kama mlivyoarifiwa kila robo mwaka, nami sitavirudia.

Ninalopaswa kulieleza ni uamuzi wa Machi, ambao umesemwa sana barazani kuliko hapa panapostahili. Kamati Tendaji, kwa hoja niliyoileta mwenyewe, ilichukua Sh 2,400,000 zilizotengwa kukarabati ofisi ya Ngamiani ikawarudishia masomo wasichana sita waliokatishwa na ujauzito. Mmesema tunawatuza waliokosea. Serikali iliruhusu warejee shuleni tangu Novemba 2021, na sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu 2016. Kwa hiyo kinachomzuia binti wa Tongoni ni nauli, chakula cha mchana na mtu wa kumlelea mtoto, na hayo ndiyo tuliyoyalipia. Mmoja wenu alishauri waozwe, yaishe. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya 1971 inataja miaka 15 kwa idhini ya mzazi, lakini Mahakama ya Rufani ilikwisha kukubali mwaka 2019 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Nakiri kwamba mkutano mkuu haukuulizwa. Nilipouitisha Februari walifika 11 kati ya wanachama 64, akidi haikutimia, na hao 11 nusu yao walikuja wakati wa chai. Wasichana wanne wako darasani hadi leo. Wawili waliacha tena, na ni hao wawili tu wanaotajwa. Wiki mbili za bodaboda, kabla hundi haijaiva, nililipa kwa fedha zangu, wala sijadai.

Ada zilizokusanywa ni Sh 2,145,000, misaada Sh 3,100,000, matumizi Sh 4,870,000, salio Sh 375,000. Wanachama 38 wanadaiwa jumla ya Sh 1,695,000, ilhali ada ni Sh 5,000 kwa mwezi, na sare ya harusi moja hatuilipii kwa kiasi hicho.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata chumba cha kulelea watoto karibu na shule, na ofisi itakarabatiwa hali ikiruhusu. Anayetaka kukagua stakabadhi za Machi amwone mweka hazina, aende na ada yake.