Risala ya Watumia Mifongo (Mifereji ya Asili ya Maji) na Walinzi wa Msitu, Mteremko wa Kusini wa Kilimanjaro, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kata na vijiji,
Wazee wetu wa mifongo,
Walimu, wanafunzi na wananchi wote mliohudhuria,

Karibuni sana. Leo tunafungua kazi ya kusafisha barabara za moto, yaani mikanda iliyofyekwa ili moto usivuke. Tumeiweka mwishoni mwa Juni makusudi, maana masika yameisha, nyasi zimesimama ila bado zina ubichi, na upepo wa Agosti haujafika. Kijiji kinachosubiri Septemba hufyeka nyasi zilizokwisha kukauka, na kila jembe likigonga jiwe kuna cheche.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila anayepanda kuja huku hutuuliza habari za theluji ya kilele cha Kibo. Ni kweli inakwisha: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imetoweka. Inauma kuiona. Lakini maji ya mifongo yetu hayatoki kwenye theluji ile. Kule juu ni nusu jangwa, mvua yake ni kidogo, na barafu nyingi huishia hewani bila hata kugeuka maji. Maji yetu hutengenezwa kwenye mkanda wa msitu, kuanzia mita 1,800 hivi hadi karibu mita 3,000, na juu yake kwenye miti ya erika. Katika mita zipatazo 2,200 upande huu wa kusini hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini haipati hata nusu yake.

Juu ya hiyo mvua kuna ukungu. Mti wa erika una majani madogo kama sindano, na matawi yake yamejaa kuvumwani na zile ndevu za mzee zinazoning'inia. Ukungu ukipita, matone hunasa humo, hukua, hudondoka, na chini kuna mboji nene inayoyapokea na kuyaachia polepole hadi kwenye chemchemi. Erika ikiungua, kinachobaki ni vichaka vifupi na nyasi. Ukungu ule ule unapita juu yake na kwenda zake. Ndiyo sababu tunasema kwamba moto wa juu unakula maji ya chini hata mwaka ambao kipimo cha mvua hakijashuka sana. Watafiti wanaofuatilia mlima huu wameonyesha kuwa tangu miaka ya 1970 moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba hasara ya maji kwa njia hiyo ni kubwa kuliko ile ya theluji.

Na moto wenyewe umekuwa ukikutana na ukame. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kwenye njia ya wapanda mlima kati ya vituo vya Mandara na Horombo, ukaunguza karibu kilomita za mraba 95. Tarehe 21 Oktoba 2022 ukaanza mwingine karibu na kambi ya Karanga, kwenye mita kama 4,000. Tazama mwezi: Oktoba, na Oktoba tena. Huo ndio mwisho wa kiangazi, vuli ikisubiriwa. Miaka hiyo bahari ya Pasifiki ilikuwa kwenye hali ya La Niña mfululizo, yaani maji yake ya juu yakiwa baridi kuliko kawaida, na La Niña kwetu kwa kawaida hupunguza au kuchelewesha vuli. Vuli ikichelewa wiki tatu, msitu unaongezewa wiki tatu za kukauka, na hizo ndizo wiki mbaya kuliko zote. Oktoba hiyo hiyo ya 2022 Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgawo wa maji kwa sababu mto Ruvu ulikuwa umepungua. (Ruvu hiyo inaanzia milima ya Uluguru; si Ruvu yetu inayoingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Lakini kiangazi kilikuwa kimoja.)

Hatutaki kusingizia hali ya hewa peke yake. Ukame hukausha kuni, lakini mwenye kiberiti ni mtu. Radi ya kiangazi huku ni nadra. Moto hutoka kwa mrina asali aliyeacha mwenge wa majani chini ya mti, kwa mwindaji, kwa mchoma mkaa, kwa anayesafisha shamba mchana wenye upepo, na kwa jiko la kambini lililofunikwa udongo badala ya kuzimwa kwa maji. Kwa warina asali tunasema hivi: bomba la moshi lenye mfuniko, lita tano za maji begani, na kurina kuanze jioni, si saa nane mchana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tueleze kazi yenyewe, kwa sababu tumeona vikundi vingi vikipewa majembe bila kuelezwa namna ya kuyatumia.

Barabara ya moto kwenye nyasi iwe na upana wa mita zisizopungua tano. Pembeni mwa mikaratusi na misonobari ya Nusu Maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, iwe kumi. Mkaratusi una ganda linalochanika na kuruka likiwa linawaka, hivyo mita tano pale ni mapambo tu. Fyeka, kisha palilia hadi udongo mtupu uonekane. Hapa ndipo makosa huanza. Watu wakichoka hulundika takataka ukingoni, upande wa juu na wa chini, wakaacha katikati pasafi. Moto ukifika unakuta rundo kavu, unapandisha ndimi mara tatu ya urefu wa nyasi, na kuruka. Takataka zote zipelekwe upande unaolindwa, mbali na ukingo, zisambazwe. Na barabara isiishie hewani: ianzie kwenye kitu kisichoungua, kama vile mto, mwamba au njia ya gari, na iishie kwenye kitu kama hicho.

Moto ukitokea, jambo la kwanza ni kutambua mteremko na saa. Kwenye mteremko wa nyuzi 10 moto hupanda kwa kasi maradufu ya tambarare. Kwenye nyuzi 20, mara nne. Korongo ni bomba la moshi, na hakuna anayesimama ndani yake wala juu yake moto ukiwa chini. Mchana upepo wa mlima hupanda, usiku hushuka. Kwa hiyo saa ya kuukabili ni kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi, umande ukiwepo na ndimi zikiwa fupi. Tumeshuhudia watu wakikusanyika saa saba mchana kwa moyo mmoja, na moyo huo ukawapeleka pabaya.

Kipigio kizuri ni mpini wa mita mbili wenye vipande vya mpira wa tairi vilivyofungwa kwa waya. Anayeanza huupiga moto kwa nguvu kama anayepura maharage. Kila pigo linarusha makaa nyuma yake. Kinachotakiwa ni kukandamiza: weka mpira juu ya ulimi wa moto, ushikilie kidogo uukoseshe hewa, buruta kuelekea upande uliokwisha kuungua, sogea hatua moja. Mmoja mwenye pampu ya mgongoni ya lita 20 hutangulia akinyunyizia chini ya ndimi, siyo kwenye moshi. Wawili wa vipigio wanamfuata, na wa mwisho ana jembe la kufukia magogo. Lita 20 akizitumia vizuri zinampeleka mbali. Akizimwaga juu juu, zimekwisha kabla hajapiga hatua hamsini, na chemchemi ya kujazia iko korongoni. Nguo ziwe za pamba. Nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Kisha kuna moto usioonekana, ambao kwenye mlima huu ndio mgumu zaidi. Mboji ya msituni inaweza kuzidi nusu mita. Ikishakauka kwa ukame, moto huingia chini, hutafuna mizizi kimya kimya siku kadhaa, halafu hutokeza mita ishirini nje ya eneo mlilodhani mmelizima. Mti mbichi, wenye majani ya kijani, unaanguka wenyewe bila upepo kwa sababu mizizi imeisha. Maji ya kumwagia juu hayasaidii: mboji iliyobabuka hukataa maji, yanateleza kama juu ya jani la mgomba. Inabidi kuchimba mfereji kuzunguka eneo lote hadi udongo mtupu, kisha kufukua ndani, kumwaga maji na kuchanganya kwa jembe hadi iwe tope. Tone la sabuni ya maji kwenye pampu husaidia maji kupenya, ila si karibu na kijito. Halafu unapima kwa mgongo wa mkono: unausogeza taratibu juu ya udongo, bila kugusa, kisha unagusa. Pakiwa pa moto, bado. Doria iendelee saa 48 baada ya moshi wa mwisho. Hapa ndipo misaada huwa imekwisha kurudi mjini, na chakula cha wanaobaki huwa hakimo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Kuhusu maji yenyewe tutasema kwa ufupi. Mvua ya kwanza baada ya moto hushuka na majivu na tope, hivyo mdomo wa mfongo ufungwe hadi maji yaanze kutakata, la sivyo mtazibua kwa mwezi mzima. Chemchemi zipimwe kila wiki, alfajiri, kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8 ni lita 2.5 kwa sekunde, sawa na lita 216,000 kwa siku. Ikianza kujaa kwa sekunde 16, tayari mna nusu, na zamu za mifongo zibadilishwe kabla ya ugomvi. Kwenye vyanzo tunapanda mkuyu, mringaringa na msesewe, nafasi ya mita tatu kwa tatu. Msesewe wazee wanaujua kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Sisi tunaupenda kwa sababu hukaa vizuri karibu na maji. Mikaratusi iliyo ndani ya mita 60 za chanzo iondolewe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli za kudumu za binadamu katika eneo hilo. Erika iliyoungua haipandwi. Huchipua yenyewe, mradi moto usirudi kabla haijakua, na hilo linachukua miaka mingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lipo jambo moja ambalo kwa kawaida risala hulizunguka. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na Nusu Maili, ambayo tangu mwaka 1941 ilikuwa ya matumizi ya wananchi, ikabadilika masharti. Tunaelewa sababu yake, kwa maana miti ilikuwa inakatwa. Lakini mtu aliyezoea kuokota kuni na kukata majani ya ng'ombe mahali fulani ndiye wa kwanza kuona moshi pale. Akikatazwa kufika, moshi utaonekana umechelewa. Tunaomba utaratibu wa kuokota kuni zilizoanguka kwa siku maalumu uwe wa kudumu na wa maandishi, kwa kuwa kuni hizo zikibaki msituni ndizo zinazolisha moto wa Oktoba.

Maombi mengine ni haya. Pampu za mgongoni 12 na buti jozi 30 kwa ajili ya vijiji vitatu vya juu. Redio za upepo nne, maana korongoni simu haina mtandao na namba 114 ya zimamoto haipatikani. Kipima mvua kimoja kwa kila shule ya msingi iliyo hapa, kisomwe na wanafunzi saa tatu asubuhi kila siku. Bima ya ajali kwa wanaojitolea. Na fungu dogo la chakula kwa zile saa 48 za doria, likae kwenye akaunti ya kata kabla ya Agosti, lisisubiri moshi.

Barabara tunayoifungua leo ni ya kilomita mbili, kutoka mtoni hadi njia ya gari. Jembe la mgeni rasmi liko pale kwenye jiwe la mpaka, na mpini wake ni mpya. Tunaomba ukiwa unapalilia, takataka uzitupe kushoto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi