Wito wa Harambee: Vyoo vya Watoto Wetu Kabla ya Mvua

Ndugu wazazi, walezi na wahitimu wa shule yetu, mlioko karibu na mlioko mbali,

Tunawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo.

Jambo lenyewe ni la aibu kidogo kulitangaza, lakini tukiendelea kuliona haya, watakaoumia ni watoto. Mvua zilizopita, shimo la choo cha wasichana lilititia. Ilikuwa usiku, hakukuwa na mtoto ndani, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Sakafu imeinama, ukuta mmoja umelala, mlango tumeupigilia misumari. Tangu hapo wasichana wanaingia choo cha wavulana kwa zamu, mmoja akisimama nje kuwalinda wenzake. Wadogo wakishindwa kungoja, hukimbilia kichakani. Wakubwa wakiwa katika siku zao hawaji shule kabisa. Walimu wanaliona hilo kwenye daftari la mahudhurio, na sisi akina baba tunaliona nyumbani, ila tunajifanya hatujui.

Kichaka hicho kiko upande wa juu wa kisima. Hatuna haja ya kueleza mvua ikinyesha kinateremka nini. Kuhara, homa ya matumbo na minyoo tumevizoea kupita kiasi. Kipindupindu hakizoeleki, maana mgonjwa asipotibiwa anaweza kufariki ndani ya saa chache. Na anayechota maji pale si mwanafunzi peke yake.

Tunachotaka kujenga ni vyoo vya shimo vyenye bomba la hewa na wavu juu yake. Havihitaji maji ya bomba. Harufu hupanda na kutoka juu, na nzi waliomo shimoni, kwa kufuata mwanga, hunaswa kwenye wavu. Ni ubunifu wa hapa hapa Afrika, ulianzia Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Rhodesia, miaka ya 1970. Shimo litajengewa kwa matofali lisititie tena, nalo litakuwa upande wa chini wa kisima, umbali usiopungua mita 30. Shirika la Afya Duniani linashauri tundu moja kwa wasichana 25, na kwa wavulana 50 tundu moja pamoja na sehemu ya kukojolea. Sisi tuko wapi? Tuyaache hayo.

Kutakuwa na chumba maalumu cha wasichana chenye maji, na komeo la ndani kwenye kila mlango. (Fundi aliona komeo ni jambo dogo. Wasichana walipoulizwa, ndilo walilolitaja kwanza.) Nje tutafunga vibuyu chirizi na kuweka sabuni, kwa sababu choo kizuri na mikono michafu bado ni ugonjwa.

Nyinyi si watu wa kubembelezwa. Mlipoombwa mabati ya madarasa mlitoa hadi mengine yakabaki. Ilipofika zamu ya madawati, mama mmoja mjane alileta mbao alizokuwa amejiwekea za kitanda chake. Wapo pia walioahidi siku ile mbele ya watu wakapigiwa makofi, na ahadi zao bado ziko daftarini. Hatutaji majina. Makofi tulikwisha kuyatoa.

Wanakijiji wameanza kuchimba na kusomba mchanga na mawe. Kinachokosekana ni saruji, nondo, matofali, mabati, mabomba ya hewa, nyavu, makomeo na ujira wa fundi. Mwenye fedha alete fedha. Mwenye matofali yaliyobaki uani tangu alipomaliza nyumba yake, nayo tunayapokea. Asiye na kitu aje na jembe.

Kila mchango utaandikwa na kutolewa stakabadhi. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule na kusomwa katika mkutano wa wazazi.

Michango ipelekwe kwa mweka hazina wa kamati au kwa mwalimu mkuu. Shimo lazima liwe limejengewa kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo msitungoje tuwapitie nyumba kwa nyumba.

Mungu awabariki.

Kamati ya Ujenzi ya Shule